Ampu Iliyojengwa na Fundi Redio

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alisomea uhasibu, kazi ya uhasibu ikamponyoka, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Watu walimletea redio zilizokufa, vipaza sauti vya mikutano na ampu za wanamuziki, naye akazifungua moja baada ya nyingine na kujionea ni nini huharibika, na kwa sababu gani. Mwaka 1946 alipoanzisha kampuni ya vyombo vya muziki yenye jina lake, benchi la redio lilikuwa limeshamfundisha jambo ambalo wahandisi wengi hulisahau: kila kifaa, hata kiwe kizuri namna gani, siku moja kitafunguliwa na mtu mwenye bisibisi. Ampu zake zinaonyesha kwamba mtu huyo alifikiriwa tangu mwanzo.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Wengi hudhani kutengeneza ampu ya gitaa ya zamani ni kubadilisha vipuri tu: kibovu kitoke, kizima kiingie. Nimekaa pembeni ya mabenchi ya mafundi kiasi cha kutosha kusema kwamba nusu ya ubora wa fundi huonekana katika vile alivyoviacha. Kuondoa ni rahisi, pasi ya kulehemu na koleo vinatosha. Kujua ni kipuri gani chenye umri wa miaka 60 bado kinafanya kazi yake, na ni kipi kinajifanya kizima, ndiko kunakomtenga fundi na mchomeaji.

Tuchukue ampu moja tuifungue: Deluxe Reverb ya Fender, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, yenye wati 22 hivi na spika moja ya inchi 12. Kwa nje ni sanduku la mbao lililovikwa vinaili nyeusi, na paneli nyeusi yenye maandishi meupe. Ukitoa ubao wa nyuma utaona valvu tisa za kioo, kama zile za redio za zamani, zimening'inia kichwa chini. Legeza skrubu za juu, chomoa waya wa spika na zile za springi za mwangwi, na kasha lote la chuma linateremka mikononi mwako. Ligeuze, sakiti nzima iko mbele yako. Rezista na kapasita zimepangwa kwa safu juu ya ubao mweusi wa faiba, kila mguu umeshuka kwenye tundu lake lenye pete ya shaba na kulehemiwa hapo. Ukitaka kutoa rezista moja unapasha moto matundu mawili, inatoka, na jirani zake hawajaguswa. Waya zimevikwa kitambaa ambacho hurudi nyuma ukikisukuma kwa kidole, kwa hiyo hata kisu cha kumenyea waya hakihitajiki. Fundi aliyezoea kufukua vipuri vidogo kama chawa kwenye bodi za televisheni za siku hizi akiona mpangilio huu hunyamaza kidogo, kisha huvuta kiti.

Kabla hajashika chombo chochote, anasoma. Ndani ya sanduku kuna karatasi yenye orodha ya valvu, na juu yake mhuri wa herufi mbili. Herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1951. Ya pili ni mwezi. OK maana yake ni Novemba 1965. Nyuma ya kila volyumu kuna namba: 137-6528 ni kampuni ya CTS, mwaka 1965, wiki ya 28. Transfoma zina 606, namba ya kampuni ya Schumacher, ikifuatiwa na tarakimu ya mwaka na za wiki. Spika ikiwa na 465 ilitoka Oxford, ikiwa na 220 ilitoka Jensen. Fundi anaziandika zote kwenye daftari. Volyumu, transfoma na spika zikikubaliana kwamba ni katikati ya mwaka 1965, na mhuri ukasema Novemba, anajua ameshika ampu iliyo na viungo vyake vya kuzaliwa. Transfoma moja ikisoma 1972, anajua kuna mtu alipita hapa kabla yake, na kuanzia hapo kila kiungo anakitazama kwa shaka. Mara nyingi hukuta pia kipande cha utepe wa karatasi kilichobandikwa ndani, chenye jina la mwanamke kwa kalamu: mfanyakazi wa kiwandani aliyeilehemu sakiti hiyo. Januari ya mwaka huohuo wa 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, lakini mikono iliyokuwa ikilehemu haikubadilika siku ile, na ndiyo maana mafundi hutazama lehemu yenyewe kabla ya kusikiliza hadithi za wauzaji.

Sasa inakuja kanuni ya kwanza, na vijana wengi huivunja: usiiwashe. Ampu iliyokaa stoo miaka 20 ikiunganishwa ghafla na umeme inaweza kujimaliza kwa sekunde chache, na pamoja nayo ikaondoka transfoma ambayo hakuna duka la karibu linaloiuza. Fundi anaanza na fyuzi. Deluxe Reverb inataka fyuzi ya ampia 2. Akikuta ya 10, au uzi wa waya uliosokotwa, ameshapata nusu ya historia: kuna kitu kilikuwa kikikata fyuzi, na mtu aliamua kumnyamazisha mlinzi. Anachomoa valvu zote, anazipa namba, anazilaza kwenye boksi la mayai. Kisha anapima transfoma kwa mita, waya kwa waya, kuona kama kuna uliokatika au unaogusa chuma.

Akishajiridhisha anaiwasha kupitia taa ya siriizi, yaani balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye njia ya umeme kabla haujafika kwenye ampu. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, na umeme umeishia kwenye balbu badala ya kuunguza transfoma. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, safari inaendelea. Chombo hiki hakigharimu kitu. Utakiona kwa mafundi wa Marekani wenye mashine za maelfu ya dola, na kwa fundi wa redio wa mtaani kwetu aliyekifunga juu ya kipande cha ubao. Taabu pekee ni kwamba balbu za waya zinaadimika madukani, na za LED hazifai kwa kazi hii. Fundi mwenye akili ana boksi lake chini ya benchi.

Ndani ya ampu hii mna umeme wa DC wa zaidi ya volti 400. Kapasita kubwa zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme wa namna hiyo umeshaua watu. Kwa hiyo kila mara anapotaka kuingiza mkono, fundi anaunganisha mita kwenye kapasita ya kwanza, anagusisha rezista yenye klipu mbili kati yake na chuma, na anaitazama namba ikishuka: 390, 210, 60, 8. Mkono wa pili uko mfukoni au nyuma ya mgongo, ili hata akikosea umeme usipate njia ya kupita kifuani. Wazee wa kazi hii hufanya hivyo hata pale ambapo ampu imezimwa tangu jana. Ukimwona anayechokonoa kwa mikono miwili huku anapiga soga, ichukue ampu yako uondoke.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi hakiombei ruhusa, nacho ni waya wa umeme. Ampu za Marekani za miaka ile zilitoka na plagi ya miguu miwili, bila waya wa ethi, na swichi nyuma iliyounganisha upande mmoja wa umeme na kasha la chuma kupitia kapasita ndogo. Kapasita hiyo ikipata shoti, kasha lote lina umeme, na nyuzi za gitaa nazo zina umeme. Mpigaji akisogeza mdomo kwenye maiki iliyo na ethi, yeye ndiye anakuwa waya. Wakusanyaji wa vitu vya kale hupenda kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, lakini hapa fundi hasikilizi. Kapasita ile inatoka, waya wa nyuzi tatu unaingia, ethi inafungwa kwa skrubu kwenye chuma kitupu. Mwenye ampu akitaka waya wake wa zamani, atapewa mkononi.

Baada ya hapo ndipo kazi ya uchunguzi inaanza, na hapa ndipo napenda kukaa kimya nikitazama. Fundi ana mchoro wa sakiti pembeni. Michoro ya Fender ya miaka ile iliandikwa volti inayotakiwa katika kila pointi, na chini kukawekwa onyo kwamba vipimo vinaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 20. Ruhusa hiyo ni pana, na inasema mengi juu ya mtu aliyeitoa. Mchoro ukisema 100 na mita ikasoma 88, hakuna ugonjwa hapo. Fundi mchanga hukimbilia kusawazisha kila namba. Fundi aliyekomaa anatafuta namba isiyoelewana na wenzake: upande mmoja wa valvu una volti 170, mwingine ambao ungepaswa kuwa sawa una 240. Hapo anasimama.

Anasikiliza pia. Mvumo una aina zake. Kwenye umeme wetu wa hertz 50, mvumo mzito wa chini, wa hertz 50, mara nyingi huelekeza kwenye valvu inayovuja ndani au ethi mbaya. Mvumo mkali zaidi, wa hertz 100, huelekeza kwenye kapasita za kuchuja umeme, kwa kuwa umeme ukishapita kwenye rektifaya, inayougeuza AC kuwa DC, mawimbi yake huongezeka mara mbili. Sikio lililozoea hutofautisha hizo mbili kabla mita haijatolewa. Kwa mikwaruzo, fundi anatumia kijiti cha mbao kikavu na kugonga kipuri kimoja kimoja huku ampu inawaka. Kijiti kikifika kwenye rezista fulani na spika ikapasuka kwa kelele, mgonjwa amejitaja. Rezista za kaboni za wakati ule zina tabia ya kupanda ukinzani kadiri miaka inavyokwenda. Ya omu 100,000 ikisoma 112,000 na iko kimya, inabaki. Ikisoma 150,000, au ikiwa inakwaruza, inatoka, na jirani yake haiguswi kwa sababu tu ya kuwa jirani.

Kapasita za kuchuja umeme ni habari nyingine. Hizo zina ukomo wa maisha, kwa kuwa ndani yake mna kemikali yenye unyevu ambayo hukauka, na hakuna sababu ya kuzihurumia. Katika Deluxe Reverb ziko tano, za mikrofaradi 16 na volti 450, zimefunikwa kwa bati upande wa pili wa kasha. Kazi yao ni ile ya simtanki nyumbani: bomba linatoa maji kwa kukatika-katika, tangi linapokea, na nyumba inapata maji mfululizo. Duka leo litakuuzia 22 badala ya 16, na hilo linakubalika. Mtu mwenye haraka huwaza kwamba kama 22 ni nzuri basi 100 ni nzuri zaidi, mvumo utapotea kabisa. Hapo ndipo kusoma kunapolipa. Rektifaya ya ampu hii ni valvu, GZ34, na kitabu chake kinasema kapasita ya kwanza mbele yake isizidi mikrofaradi 60. Pointi ya kwanza ya Deluxe Reverb ina kapasita mbili zilizofungwa pamoja, kwa hiyo 22 na 22 zinafanya 44, salama. Weka 100 na kila unapowasha unaitwisha valvu mzigo isioweza, mpaka siku itakapotoa cheche ndani na kufa. Na hata kabla haijafa, mpigaji atalalamika kwamba ampu imekuwa ngumu. Akipiga kodi kwa nguvu, umeme wa ampu ya zamani hupungua kidogo kisha hurudi, na sauti huinama na kuinuka pamoja nao. Mwanamuziki anaujua mnyumbuko huo vidoleni hata kama hajui unatoka wapi. Fundi mzuri anajua unatoka kwenye tangi dogo, na anauacha.

Kapasita za kupitisha sauti, zile za rangi ya bluu zilizopangwa katikati ya ubao, nazo zinastahili subira hiyohiyo. Kazi yao ni kuruhusu sauti ipite na kuizuia DC. Njia ya kuzipima ni rahisi: tazama kama kuna volti inayovuja kwenda kwenye gridi ya valvu inayofuata. Isipovuja, inaachwa. Nimeona ampu ambazo zote ziling'olewa zikawekwa mpya za bei, eti kufanya usafi, na mwenye ampu akarudi kuuliza sauti yake ilikwenda wapi. Zile zilizong'olewa zilikuwa nzima, na pengine zimeshauzwa.

Kutafuta spea kunataka ujuzi wa pekee. Baadhi ziko karibu kuliko watu wanavyodhani. Kapasita za volti 450 hutumika kwenye pawa saplai za televisheni, kwa hiyo Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi utazipata kwa bei ndogo. Hatari ni feki: ganda kubwa la plastiki lenye maandishi ya kampuni maarufu, na ndani mwake kapasita ndogo ya uwezo mdogo. Fundi anaipima uzito kwa kiganja, anaipima kwa mita, kisha anaiweka kwenye volti yake halisi kwa saa kadhaa nje ya ampu kuona kama inapata joto. Zilizochomolewa kwenye televisheni mbovu hazinunui, kwa kuwa kemikali yake nayo imeshazeeka.

Nyingine zinatengenezwa papo hapo. Tremolo ya ampu hii hutegemea kijibomba cheusi chenye taa ndogo ya neon upande mmoja, na upande wa pili kipande ambacho ukinzani wake hubadilika kwa mwanga. Neon inapepesa, kipande kinaona mwanga na giza kwa zamu, na sauti inapanda na kushuka. Kikifa, hakuna haja ya kuagiza mbali. Neon ni ya ukoo mmoja na ile iliyo ndani ya testa ya umeme, na kipande cha mwanga kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanafunzi wa elektroniki, ilimradi uchague chenye ukinzani mkubwa gizani. Unavitazamisha uso kwa uso ndani ya kijibomba cheusi kisichopitisha mwanga, unaziba ncha, na tremolo inarudi.

Transfoma ni mtihani mzito zaidi. Ile ya umeme ikiungua inaweza kusukwa upya na mafundi wa kusuka mota, ambao wamejaa katika miji yetu. Wanaifungua taratibu, wanahesabu mizunguko ya waya, wanapima unene wake, wanarudisha karatasi za kutenganisha kama zilivyokuwa. Ile ya kutoa sauti ni shughuli nyingine, kwa sababu tabaka zake hupishana, la kuingilia juu ya la kutokea, na kupishana huko ndiko kunakoamua sauti za juu na za chini zitapitaje. Kwa sababu hiyo fundi huilinda kuliko kitu chochote, na kila mteja humwonya: usiwashe ampu ya valvu bila spika kuunganishwa. Umeme usio na pa kwenda hurudi kwenye transfoma hiyo na kuitoboa.

Halafu kuna suala la volti. Ampu iliyouzwa Marekani imeandikwa nyuma volti 117, hertz 60. Ikija kwetu inahitaji transfoma ya kushusha umeme iliyo nzito na ya kweli, maana vile vibadilishi vyepesi vya elektroniki vya wasafiri havifai. Hata hapo, hertz 50 huitia transfoma ya ndani joto zaidi kuliko ilivyozoea, kwa hiyo fundi makini huiacha iwake muda mrefu na kuigusa mara kwa mara kabla ya kuikabidhi. Wakati ule kiwanda kilitoa pia ampu za kuuzwa nje, zenye transfoma ya kuchagua volti. Ukiipata hiyo, umepunguziwa mzigo mmoja.

Tukija kwenye valvu, dunia imebaki na viwanda vichache. JJ wanazitengeneza Čadca, Slovakia. Kiwanda kingine kikubwa kiko Saratov, Urusi. Na vingine viko China. Mwaka 2022, Urusi ilipozuia kwa muda baadhi ya bidhaa kutoka nje ya nchi, bei ilipanda kila mahali, na wanamuziki wengi wakajua kwa mara ya kwanza jina la mji unaowasha ampu zao. Pembeni ya hizo kuna akiba za zamani ambazo hazijawahi kutumika, za RCA, General Electric, Sylvania na Mullard, zinazouzwa kwa bei ya dhahabu, na pale penye dhahabu hapakosi matapeli. Maandishi kwenye kioo cha valvu hufutika kwa kidole na huandikwa upya kwa mhuri wa mpira. Kwa hiyo fundi hasomi kioo. Anaigeuza kwenye mwanga na kutazama chuma cha ndani: umbo la anodi, jinsi lilivyobanwa, pete ya waya iliyo juu, idadi ya matundu. GZ34 ya Mullard kutoka Blackburn, Uingereza, ina alama ndogo iliyochorwa kwenye kioo karibu na kitako, yenye herufi B. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa wametukosa, maana huyu anachagua jembe na shamba analilima.

Valvu mbili za mwisho za Deluxe Reverb, aina ya 6V6, zinamtaka achague kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa Fender alizipa zaidi ya volti 400 wakati vitabu vya watengenezaji viliweka ukomo chini ya hapo. Valvu imara za Marekani za enzi hizo zilivumilia. Baadhi ya mpya hazivumilii, na za JJ zimejipatia jina kwa sababu zinahimili.

Hatua ya mwisho ni kuweka bayasi, yaani kuamua valvu hizo zipumzike zikiwa zinavuta umeme kiasi gani pale ambapo hakuna anayepiga. Fundi analehemu rezista ya omu 1 kati ya kathodi na chuma, ili kila milivolti anayoisoma kwenye mita iwe ni miliampia moja. Anazungusha skrubu ndogo ya marekebisho polepole. Mita inapanda: 14, 17, 19. Kiasi hicho kikiwa kidogo mno sauti ni kavu na yenye makali. Kikizidi, bati za ndani zinaanza kuwa nyekundu na valvu haimalizi mwaka. Anaisimamisha kwenye 20 na kitu, anasubiri ipate joto, anasoma tena, anarudi nyuma kidogo. Kisha anazima taa ya benchi na kutazama kwenye giza kama kuna wekundu wowote. Hakuna. Hapo ndipo gitaa linaletwa.

Afrika Mashariki ufundi huu una historia yake. Muziki wa dansi ulijengwa juu ya magitaa ya umeme, na Tanzania bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na nyingine zilikuwa za jeshi, polisi, umoja wa vijana na mashirika ya umma. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, aliviacha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kuagiza ampu mpya ilikuwa ndoto, na jukwaa lilitegemea mtu aliyeweza kuifufua ya zamani kabla ya Jumamosi jioni. Majina ya waimbaji na wapiga solo tunayajua kwa moyo. Ya mafundi wao hayakuandikwa kwenye majalada ya santuri, ingawa bila wao nyimbo hizo zisingefika ukumbini.

Wengi wa mafundi hao walijifunza kwenye redio za valvu, kama Fender mwenyewe, na wanazeeka. Vijana wa elektroniki wa leo ni hodari, lakini wamekulia kwenye bodi ambazo hutupwa zikiharibika, na umeme wa volti 400 hawajauzoea. Mwenye nafasi ya kumketisha kijana pembeni ya mzee wa namna hii asingoje.

Na wewe mwenye ampu ya zamani stoo, ya Fender au ya yeyote, usiiwashe kuona kama bado ipo. Ipeleke kwa fundi ambaye atakuuliza maswali kabla ya kuifungua. Mpe muda, na ulipe muda huo kama unavyolipa spea. Siku ya kuichukua, mwombe vipuri vyote alivyovitoa. Fundi mzuri atakuwa ameshavitia kwenye mfuko, na mfuko huo utakuwa mdogo.